Vyumba Bila Watu

Aline alifika kwangu, mtaa wa Mutanga Sud, Jumapili moja baada ya misa, akiwa amevaa gauni jeusi na viatu vizito vya nchi za baridi. Mara ya mwisho kumwona alikuwa mtoto wa miaka sita asiyetaka kula mboga za lengalenga. Alikuwa amenipigia simu kuniambia kwamba baba yake, Mwalimu Libérat, amefariki ugenini, wamemzika hukohuko, na kwamba kabla ya kufa alimwachia maneno ya kuniletea. Maneno gani, hakusema. Chai ilikuwa tayari, na sambusa, lakini hatukugusa kitu. Nilitaka kwanza kumpa kilicho chake. Nikaingia chumbani, nikatoa bahasha ya kaki niliyohama nayo nyumba hadi nyumba tangu ujana wangu, nikazipanga picha mezani mbele yake.

Zilikuwa picha ndogo za nyeusi na nyeupe, kingo zimeanza kujikunja. Sebule yenye makochi yaliyovishwa vitambaa vya kufuma. Redio juu ya kabati, nayo imevishwa kitambaa chake kama mtoto aliyekwenda kubatizwa. Chujio la maji lenye bomba. Kalenda ya parokia. Jikoni, sufuria zimepangwa kwa ukubwa, chupa ya chai, ndoo, kapu la samaki wadogo, ndagala, limefunikwa sahani. Chumba cha mtoto, na chini ya kitanda kiatu kimoja kidogo kimelala ubavu. Aline alizipitia zote, akarudi mwanzo, akazipitia tena.

"Da Goreth, mbona hamuna watu?"

"Angalia pembeni, karibu na dirisha."

Akainama. Kwenye ukingo wa kila picha yenye dirisha kulikuwa na mkono wa mwanamke, umeshika pazia na kulivuta ili mwanga uingie. Ulionekana mpaka kwenye kiwiko tu. Kidoleni pete, na juu ya kifundo kovu la moto lenye umbo la jani.

"Huu mukono ni wa nani?"

"Wa mama yako."

Aline hakuwa na picha hata moja ya mama yake. Hilo nilikuwa silijui. Aliweka kidole juu ya ule mkono, akakiondoa haraka, kama anayeogopa kuufuta. Halafu akasema atanieleza alichotumwa, lakini kwanza nimwambie picha hizi zilipigwa vipi, na nani, na kwa nini. Nikamsimulia mwaka ule kama ninavyouandika hapa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nikingoja nafasi ya chuo kikuu, na nililala katika chumba cha nyuma nyumbani kwa Mwalimu Libérat, aliyenichukua kama wa kwao, mtaa wa Nyakabiga. Yeye ndiye aliyeniombea kazi kwa Baba Salma, mwenye studio ya picha mitaa michache kutoka pale. Baba Salma alitoka katika zile familia za Kiarabu ambazo babu zao walikuja na biashara ya nguo wakabaki. Alikuwa mwembamba, kofia haimtoki kichwani, na alikohoa kikohozi kikavu cha dawa za kusafishia picha. Studio ilikuwa vyumba vitatu vilivyofuatana kama mabehewa. Cha mbele kilikuwa na kabati la kioo lililotazama barabara, limejaa picha za wateja. Cha katikati ndicho cha kupigia, chenye pazia lililochorwa ngazi za jumba na vyungu vya maua. Cha mwisho kilikuwa chumba cha giza, chenye taa nyekundu na mabeseni ya dawa, na sheria yake ilikuwa moja: karatasi ikiwa nje, mlango haufunguliwi, hata nyumba ikiungua. Nyuma kabisa kulikuwa na ua, na ua ulikuwa wa Mama Salma. Mchana tulikula hapo, sote kwenye sinia moja, ndagala wa nyanya na bugali, Ijumaa pilau. Wao walisema bismillahi, mimi nilipiga ishara ya msalaba, na Mama Salma akasema kila siku, "Haya, Mungu amesikia mara mbili, kuleni kabla hakijapoa."

Mwanzoni mwa mwaka kazi ilikuwa ya furaha. Walikuja maharusi, watoto wa komunyo ya kwanza, wanafunzi waliotaka kupigwa picha wakiwa wameshika redio-kaseti magotini. Ukutani kulikuwa na koti moja la kijivu, na nadhani nusu ya wanaume wa Nyakabiga wamepigwa picha ndani ya koti lile. Leo nikiingia nyumba ya mtu wa rika langu na kuona ukutani picha ya baba yake kijana, natazama kwanza koti. Mara nyingi ni lenyewe. Baba Salma alilibana nyuma kwa vibanio vya nguo kwa wembamba, na kwa wanene alisema wasilifunge. Alijua pia kukata picha juu ya miguu, kwa sababu miguuni hakuna aliyeweza kudanganya. Vumbi la barabara, ndala, soli iliyoshonwa kwa waya, vyote vilikuwa pale chini. Ukitaka kujua watu wa mji huu waliishi vipi, mtafute aliyehifadhi filamu zenye miguu.

Sijui mambo yalianza kugeuka lini hasa, lini watu walianza kuchukuliwa wasirudi. Ninachokumbuka ni kabati la kioo. Mama mmoja aliyepigwa picha pamoja na mumewe siku ya harusi, picha nzuri ambayo Baba Salma aliiweka katikati kabisa, aliingia akaomba iondolewe. Baba Salma alidhani wameachana. "Apana," yule mama akasema, "tuko sawa. Mi sitaki tu sura yetu ikae barabarani." Kesho yake akaja kijana wa chuo na ombi lilelile. Kisha mzee mmoja kwa ajili ya binti zake. Hakuna aliyetoa sababu, na Baba Salma aliacha kuuliza. Kila picha iliyotoka iliacha nyuma yake pembe nne za rangi mbichi, kwa sababu jua lilikuwa limechujusha kitambaa cha kabati mahali pengine pote. Halafu siku moja, mchana kweupe, mtu ambaye hatukumjua alisimama mbele ya kioo. Hakuwa mteja. Alitazama uso mmoja, akahamia wa pili, akaenda hivyo taratibu, midomo yake ikichezacheza kama anayekariri. Baba Salma alimtazama kutoka ndani bila kusogea. Yule mtu alipoondoka, aliniambia nimsaidie, tukatoa picha zote zilizobaki. Mpaka mwaka ulipokwisha kabati lile lilikuwa na kitambaa kilichochujuka tu.

Waliokuja sasa walitaka picha za paspoti. Familia nzima, mpaka watoto wachanga walioshikwa kutoka nyuma ya shuka ili mikono ya mama isionekane. Hawakujipaka poda wala kuulizia koti. Walikaa, wakapigwa picha, wakauliza zitakuwa tayari lini, wakasema mapema zaidi. Na hapo ndipo akaja mtu wa kwanza aliyeomba picha ya nyumba. Alikuwa afisa wa serikali, mpole, mwenye miwani. Alitaka Baba Salma aende kwake apige kila chumba. "Ni kwa ajili ya asiransi," alisema, yaani bima. Tulikwenda, mimi nimebeba taa na kigoda. Mke wake alitaka kukaa kwenye kochi, akamwambia atoke. Tulipiga kochi bila mtu, meza bila mtu, kitanda, friji iliyofunguliwa mlango ionekane kwamba ni nzima. Tulipokuwa tunarudi, karibu na studio, Baba Salma alipunguza mwendo.

"Goreth, umeona kitu?"

"Nimeona friji nzuri."

"Mutu anayepiga foto ya kiti chake bila yeye kukaa juu yake, yule mutu anaenda. Anataka siku akirudi aonyeshe hiki kilikuwa changu. Ao akumbuke tu."

Baada ya huyo wakaja wengine. Habari za namna hii hupita mdomo kwa mdomo, na kazi yetu ikawa hiyo. Nimeingia nyumba nyingi za Nyakabiga mwaka ule ambazo kabla yake nisingepita hata getini, na nimeona vile watu walivyoishi wakiwa hawajajiandaa kutazamwa. Wengine walipangusa na kutandika kama wanaongoja mgeni. Wengine waliacha vitu vilivyo, nepi kwenye kamba, kikombe cha uji nusu, daftari la mtoto limefunguliwa kwenye hesabu. Nilipozisafisha picha hizo usiku, ndani ya beseni, chini ya taa nyekundu, chumba kilitokea polepole kwenye karatasi, dirisha kwanza, kisha meza, na nilijikuta nangoja mtu atokee mwishoni. Hakutokea. Bahasha zilizochukuliwa zilikuwa chache. Zile nyingine zilikaa kwenye rafu, zikaongezeka, na Mama Salma hakupenda kupita karibu na rafu ile. "Utafikiri mizigo ya maiti," alisema, na mumewe akamwambia anyamaze.

Nyumbani kwa Mwalimu, mabadiliko yalianza mezani. Mama Aline alikuwa mwanamke wa kucheka kwa sauti, mrefu, mwenye nywele ndefu alizosukwa kila Jumamosi na jirani, na jirani huyo ndiye aliyeacha kuja kwanza. Hakugombana na mtu. Aliacha tu. Kisha kaka yake Mama Aline, karani huko mkoani, akatoka asubuhi kwenda kazini na hakurudi. Walingoja habari. Kila gari lililopunguza mwendo mbele ya nyumba, Mama Aline aliweka kijiko chini. Mwishowe Mwalimu akasema tufanye kilio bila maiti, na Mama Aline akanyoa nywele zake zote. Alipokuja studio kutuletea uji wa Baba Salma aliyekuwa mgonjwa wa kifua, kichwa kimefungwa kitambaa, Baba Salma alimtazama, akamwambia:

"Mama Aline, njo nikupige ingine ya kwenye karte ya kitambulisho. Ile ya zamani uko na nywele."

"Nywele zitaota, Baba Salma. Sitaki kujiona vile niko sasa."

"Ni dakika moja tu."

"Nimesema zitaota."

Alicheka kidogo, cheko la zamani, akaondoka na bakuli lake.

Haikupita muda mrefu, Mwalimu akaniambia, tukiwa tunakula, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani, "Goreth, mwambie Baba Salma apite Alhamisi. Kuna foto tunataka za hapa nyumbani." Nilijua maana yake. Nilikuwa nimeingia nyumba nyingi mno kutojua. Nilimtazama Mama Aline, na yeye alikuwa anamtolea Aline miba ya samaki, vibaya sana, akirudia vipande alivyokwisha kuvisafisha. Jioni ile, kama kila jioni ya kipindi kile, walibaki sebuleni na redio imefunguliwa kwa sauti kuliko kawaida. Chumba changu kilikuwa upande wa pili wa ukuta. Niliegemea ukuta nikisikiliza, na katikati ya muziki nilisikia Gatumba, kule mpakani, nikasikia gari la mtu wa samaki, halafu sauti ya Mama Aline, wazi kabisa kati ya wimbo na wimbo: "Na Goreth?" Wimbo mwingine ukaanza. Jibu la Mwalimu sikulisikia. Niliishi na swali lile bila jibu lake mpaka Jumapili ile ya Aline.

Alhamisi tulipiga. Ilikuwa siku ya mawingu, nyumba ina giza, na Baba Salma alilalamika kuhusu mwanga. Mama Aline akasema hakuna shida, yeye atashika mapazia. Kwa hiyo alitangulia chumba hadi chumba, akijibanza ukutani kadiri awezavyo, akinyoosha mkono. "Nimetoka kwenye foto?" aliuliza kila mara, na Baba Salma, jicho kwenye kamera, alijibu, "Umetoka, mama, umetoka." Hakuwa ametoka. Baba Salma alikuwa anauona mkono wazi kama nilivyokuwa nauona mimi, na katika kazi nyingine yoyote angesema sogea. Sijawahi kujua kwa nini hakusema. Chumbani kwa Aline, Mwalimu aliinama kuokota kile kiatu chini ya kitanda, Mama Aline akamwambia akiache. "Piga vile iko," alisema. "Nataka nikumbuke vile kulikuwa."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa chumba cha giza nikizisafisha picha hizo. Karatasi ya sebule ilikuwa kwenye dawa. Nilisikia gari likisimama nje bila kuzimwa, kisha mlango wa mbele, kisha sauti ya Mama Aline. Alizungumza na Baba Salma chini kwa chini, muda mrefu kuliko mtu aliyefuata picha. Niligonga mlango kwa ndani, nikaita, "Mama Aline, bado kidogo!" Sauti zikanyamaza. Halafu yeye akasema kwa nguvu, kama anayeita ng'ambo ya barabara, "Mwambie chakula kiko mezani!" Nikajibu, "Nimesikia, mama!" Gari likaondoka. Nilipotoka, mikono inanuka dawa, Baba Salma alikuwa ameketi kwenye kigoda cha wateja, kile cha mbele ya ngazi zilizochorwa, kofia mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona kichwa wazi.

Mchana nilikwenda nyumbani na bahasha. Geti lilikuwa limerudishiwa. Mezani kulikuwa na samaki mukeke mzima wa kuchoma na ndizi, amefunikwa sahani, sahani moja tu imewekwa, na funguo za nyumba pembeni. Nilikaa nikala, kwa sababu nilikuwa na njaa na kwa sababu nilikuwa nimeamua kuamini kwamba wamekwenda sokoni. Nikiwa bado nakula niliona kalenda haipo ukutani, na alama yake nyeupe ndiyo iliyobaki. Nikanyanyuka nikafungua kabati la Aline. Hanga tupu. Baba Salma alinikuta hapohapo, kabla jua halijashuka, amekuja mwenyewe kwa miguu, anahema.

"Wamekwenda wapi?"

"Wamesafiri."

"Waliniacha?"

Alitazama samaki mezani. "Maliza kula," alisema. "Halafu chukua nguo zako. Mama Salma amekutandikia."

Nililichukua hilo kuwa ndiyo. Nililala kwao, chumba kimoja na binti yao, mwaka ule wote na mwaka uliofuata. Sitaandika yote yaliyokuja baadaye mjini. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo wameshaambiwa na wengine. Nyumba ya Mwalimu iliingiwa na watu tusiowajua, makochi yakatolewa nje yakachukuliwa. Kuna mchana nilipita nikamwona mtoto mgeni amekaa mlangoni anakula muwa, nikageuka, na tangu siku hiyo nilizunguka mtaa wa pili. Baba Salma na Mama Salma walinifanya mtu wao. Walinilipia masomo, walisimama upande wa wazazi siku ya harusi yangu. Kifua kilimwondoa Baba Salma miaka mingi baadaye, na mke wake akamfuata. Sikuwahi kuwauliza tena. Kichwani mwangu mambo yalikuwa wazi. Gari lilikuwa dogo, walinipima, wakaniacha na samaki. Niliwasamehe kwa mdomo, kanisani. Usiku nilikuwa naisikia ile "Na Goreth?" na kila nilipoisikia jibu lilikuwa hapana.

Aline alinisikiliza mpaka hapo, bila kunikatiza, picha zimelala kati yetu. Chai ilikuwa imefanya utando. Kisha akazungumza, kwa Kiswahili cha mtoto wa miaka sita kilichochanganyika na Kifaransa cha mtu mzima, akitafuta maneno.

"Nafasi yako ilikuwepo, Da Goreth. Mi nilikuwa nimekaa kwenye magoti ya mama, sababu ya ile nafasi tulikuwa tunakuwekea. Tulipita kukuchukua. Papa alibaki kwenye gari na mi. Mama aliingia, na alipotoka alikuwa anajifuta macho na kitenge. Papa akamuuliza, Goreth iko wapi? Mama akasema, tuende."

Baba Salma, alivyoeleza Aline, alikuwa amepata habari asubuhi hiyo kutoka kwa akina mama wanaoleta samaki kutoka Gatumba. Kwenye kizuizi cha barabarani kule walikuwa wanashusha vijana. Wanafunzi hasa, yeyote mwenye karte ya shule. Alimwambia Mama Aline, "Ninyi ni watu wazima na mutoto mudogo, mutapita. Huyu hatapita. Muniachie." Mama Aline alikataa. Akakataa tena. Mwishowe akanyamaza, na Baba Salma akamuuliza kama anigongee nitoke tuagane.

"Unajua mama alisema nini?" Aline aliuliza. "Papa amenirudilia hayo maneno hospitali, mara nyingi. Alisema, 'Apana. Nikimuona nitamuchukua.' Na akamuapisha Baba Salma asikwambie, sababu ungetufuata kwa miguu."

Niliinuka, nikaenda jikoni, nikafungua bomba, nikalifunga. Watu hudhani habari kama hiyo huleta nafuu. Mimi nilishikwa na hasira kwanza, hasira dhidi ya wale wawili walioamua maisha yangu nyuma ya ubao wa mlango huku mimi nageuza karatasi kwenye beseni. Nilipiga kelele "bado kidogo" nikidhani wamefuata picha. Niliporudi, Aline alikuwa hajamaliza, na niliona usoni mwake kwamba alichobakiza ndicho alichokuja nacho.

Kwenye kizuizi cha Gatumba hawakumgusa Mwalimu. Walichukua karte ya Mama Aline, wakaitazama, wakamtazama. Kijana mmoja mwenye bunduki akasema, "Huyu wa kwenye foto iko na nywele. We ni nani?" Alivua kitambaa kuwaonyesha, akawaeleza kilio cha kaka yake, na kumtaja kaka kukawa kosa la pili, kwa sababu jina lile mmoja wao alilijua. Wakamshusha aende kuulizwa. Akampa Mwalimu mtoto dirishani. Alipofika kwenye kibanda aligeuka akawapungia mkono, ishara ya kwamba waende, waende tu, na dereva, aliyekuwa na watoto wake mwenyewe, akaenda. Mwalimu alingoja ng'ambo ya mpaka, Uvira, kila siku barabarani, mpaka watu wakamwondoa kwa nguvu. Mama Aline hakuonekana tena. Albamu ya familia ilikuwa kwenye begi lake.

"Papa alisema nikuambie," Aline alisema, "asifikiri tulimuacha. Ni hayo tu. Alikuwa anaogopa ufe ukifikiri hivyo."

Alitaka kwenda kupaona Gatumba. Jumatatu nilimpeleka. Zamani barabara ile ilikuwa na mashamba ya mpunga na nyumba mpaka mpakani. Sasa, baada ya mafuriko ya miaka hii, kuna sehemu ambazo barabara inapita kama tuta katikati ya maji. Kuta zimesimama bila mapaa, na kila ukuta una mstari wa tope juu ya usawa wa kifua. Matete yameota ndani ya vyumba. Karibu na mpaka akina mama walikuwa wanapita na mabeseni ya unga na sabuni vichwani, wanakwenda Kongo na kurudi, wanaitana, wanacheka. Niliuliza mwanamke mmoja wa makamo kama anakumbuka kizuizi cha zamani kilikuwa wapi. Alinitazama, akamtazama Aline na gauni lake jeusi, na cheko likamtoka usoni. Alinyoosha kidevu kuelekea upande wa kushoto, kwenye maji, akaongeza mwendo kuwafikia wenzake.

Tulisogea mpaka ukingoni. Hapakuwa na chochote. Maji ya kahawia, matete, nguzo moja iliyoinama, ndege mweupe juu yake. Aline alitoa simu, akaiinua. Hapohapo tukasikia hatua nyuma yetu. Askari kijana, umri wa mwanangu wa mwisho, bunduki begani, hakuwa mkali lakini hakuwa anatabasamu.

"Mama, hapa foto apana. Ni mupaka."

Aline alishusha simu, akairudisha kwenye mkoba, akafunga zipu. "Na kuangalia?" aliuliza.

Askari hakuelewa. "Kuangalia nini?"

"Kuangalia tu. Inaruhusiwa?"

Askari alinigeukia mimi, mtu mzima, kana kwamba nitamweleza. "Angalieni," alisema mwishowe, "lakini musikawie."

Nilimshika Aline mkono. Tukasimama pale, tukaangalia, na hatukuondoka hata alipokohoa mara ya kwanza na ya pili. Tuliangalia kwa muda mrefu, mpaka yeye mwenyewe akasogea ubavuni mwetu, akatazama maji, akitafuta kile tulichokuwa tunaona.